Mshumaa Ulioshonwa Mpirani

"Nishikishe mshumaa wangu."

Gavril alikuwa jikoni anasonga ugali wa njano. Mwiko ukamganda mkononi.

"Bibi, si nilikushikisha juzi tu?"

"Juzi ilikuwa juzi. Mauti hayapigi hodi mara mbili. Nishikishe."

Kijana akafuta mikono kwenye suruali, akaingia chumbani. Nyuma ya picha ya Bikira, ukutani juu ya kitanda, kulikuwa na kitambaa cheupe kilichozungushiwa kitu kirefu na kufungwa kwa utepe. Akakitoa, akakilaza kwenye viganja vya Bibi Saveta. Kikongwe yule, ambaye macho yake yalikwisha ingia ukungu, akakipapasa kitambaa toka ncha hadi ncha kama mtu anayepapasa mguu wa mtoto mchanga kuona kama umekua.

"Mbona umekuwa mwepesi?"

"Umekauka, Bibi."

"Nta haikauki, mwongo wewe. Au siku hizi nta nayo imekwenda kufanya kazi Italia?" Akacheka, kicheko kikamgeukia kikohozi, kikohozi kikamtoa machozi. Gavril akamwinua mgongo mpaka kikapita. "Haya urudishe. Siku ikifika usiniache gizani, mwanangu. Babu yako Iftimie alikwenda na mwanga mkononi, nami nataka nimfuate na mwanga. Sitaki kumtafuta huko kwa kupapasa."

"Hutapapasa, Bibi."

"Apa."

"Haki ya Mungu."

Akaapa, na huku anajua kwamba ndani ya kitambaa kile hamkuwa na mshumaa. Mlikuwa na mti.

Katika kijiji cha Valea Stupilor mtu anaweza kufa maskini, mlevi, au amegombana na padri, na bado akazikwa kwa heshima. Akifa bila mshumaa unaowaka mkononi, hilo halisameheki. Familia ya Prodan mpaka leo inaitwa nyumba ya giza, kwa sababu ya babu mmoja aliyelaliwa na trekta la ushirika enzi za chama kimoja, akafa peke yake mtaroni huku meneja wa shamba akikagua kwanza kama trekta limeharibika. Meneja yule alipewa nishani. Wajukuu wa Prodan wanapoposa, mpaka sasa wazee hukohoa kidogo kabla ya kujibu. Ndivyo mambo yalivyo: dhambi ya mkubwa hufutwa na aibu ya mdogo hurithiwa.

Gavril hakuiba mshumaa kwa nia mbaya. Alikuwa mchezaji wa oina, mchezo wa gongo na mpira ambao wakulima wa nchi hii waliucheza kabla hapajakuwa na mtu wa kuuita urithi. Mpira wake ni mdogo, wa ngozi iliyoshindiliwa singa za farasi, na hushonwa kwa mkono. Tangu idara za serikali zilipokoma kuwapelekea timu za vijijini hata kamba ya viatu, Gavril ndiye aliyekuwa akiishonea timu mipira. Uzi wa dukani ulikuwa unakatika. Babu Iftimie alimfundisha: uzi usiopitishwa kwenye nta ni ahadi ya mgombea. Basi katikati ya majira ya baridi, bibi akiwa amelala, kijana akautoa mshumaa ule nyuma ya picha, akaupitishia uzi mara moja. Nta kidogo tu. Kisha mpira wa pili, nta kidogo tu. Kufika theluji inayeyuka, mshumaa ulikuwa umebaki utambi uliopinda, wenye vinundu kama kamasi. Akautupa motoni kwa hofu, akachonga kipande cha gongo lililovunjika, akakizungushia kitambaa.

Utasema, si angenunua mwingine? Mshumaa ule babu aliufinyanga mwenyewe kwa nta ya nyuki wake, na kila usiku wa Pasaka Bibi Saveta aliutoa kanisani ukiwaka, akaukinga upepo kwa kiganja mpaka nyumbani, akachora msalaba wa moshi juu ya mlango. Ulinukia asali. Kipofu angeujua. Na nta kama ile haikuwepo tena kijijini, ingawa jina lenyewe la kijiji linatokana na mizinga. Kampuni iliyokodi mashamba yote ya bonde ilinyunyiza dawa kwenye alizeti mchana kweupe, wakati maua yamefunguka, na jioni nyuki wa Iftimie walikuwa wamelala chini ya mizinga kama makapi. Mwenyekiti wa kijiji alikuja, akaokota mmoja, akampuliza, akasema ni baridi. Ilikuwa mwezi wa saba.

*

Aglaia, mama yake Gavril, alipiga simu siku ya Alhamisi, akiwa amejifungia bafuni kwenye nyumba ya watu. Alikuwa akimtunza mzee mmoja karibu na mji wa Brescia: kumwosha, kumlisha, kumgeuza, kumwimbia akigoma kumeza dawa. Alinong'ona.

"Anakula?"

"Vijiko viwili. Halafu anasema ameshiba harusi."

"Daktari amesemaje?"

"Kwamba anaweza kufika Krismasi. Kwamba anaweza asifike."

"Huyo naye amesomea nini!" Aglaia akapandisha pumzi. "Nilimwambia mwana wa mzee, mama yangu yu mahututi, naomba niende. Unajua alivyonijibu? Kwanza tafuta mwanamke wa kukaa nafasi yako, umfundishe, tuone kama baba amemzoea, ndipo tuzungumze. Kama vile naomba kwenda harusini."

"Umempata?"

"Nimempata mmoja, mtu wa upande wetu. Anakuja kesho. Ila ameniambia waziwazi: wiki moja tu, dada, zaidi ya hapo nafasi yako naichukua, nami nina watoto. Sikumlaumu." Maji yakasikika yakifunguliwa, ili sauti isitoke. "Jumamosi napanda basi dogo la Vasile. Jumatatu asubuhi nipo. Gavril, mwanangu, mshumaa upo mahali pake?"

"Upo, mama."

"Kiberiti?"

"Kipo juu ya dirisha."

"Mimi hapa nimeshafumba macho ya wazee watatu wa watu," Aglaia alisema. "Wa mwisho nilimwashia mshumaa nikamshikisha, binti yake akaja akaupuliza. Akaniuliza nataka kumchomea kitanda? Mkono wa mamaake ulibaki hivyo, umekunjwa, haujashika kitu. Basi mama yangu mimi asiende hivyo. Umenisikia?"

Mlango wa bafuni ukagongwa huko Italia. Simu ikakatika.

Gavril akabaki amekaa kwenye kizingiti. Siku chache kabla, dhoruba ilikata umeme kijiji kizima, na vipande vyote vya mishumaa vilivyokuwa kwenye droo viliungulia mezani wakila supu. Duka lilikuwa limekwisha uza hata ile ya keki. Lakini Jumapili palikuwa na Siku ya Urithi mjini, timu ya oina imealikwa, na kwenye vibanda vya sherehe hakukosekani wafuga nyuki wa milimani. Atanunua nta. Atafinyanga mshumaa mpya siku hiyohiyo, urefu uleule, na kabla mama hajashuka kwenye basi kitambaa kitakuwa na kitu cha kweli ndani. Alipanga hivyo, na mpango ulionekana mzuri, kama mipango yote ya mtu anayeogopa kusema neno moja.

*

"Unakwenda kurukaruka mjini na bibi yako yuko hivi?" Casandra alimuuliza Jumapili asubuhi, akivua viatu mlangoni. Alikuwa jirani wa ng'ambo ya korongo, mjane mwenye magoti mabovu na mdomo mzima. "Na shati la kutarizi! Nani kakuoza?"

"Wametuletea waandaaji, Shangazi. Tunarudi mchana."

"Hebu geuka. Haya maua yametariziwa na mashine. Mamaako angeyaona angelia."

"Mwache aende," Bibi Saveta akasema kitandani, sauti nyembamba kama uzi. "Babu yake aliacha ngano imelala shambani akaenda kucheza na watu wa Runcu. Mvua ikanyesha juu ya ngano. Tulikula mkate mweusi mwaka mzima."

"Na walishinda?" Casandra akauliza.

"Walipigwa vibaya!" Akatabasamu. "Gavril, njoo." Alipoinama, akampapasa kiganja cha kulia, pale ngozi ilipokuwa ngumu. Katika oina mkimbiaji anayevuka uwanja hurushiwa mpira na maadui, na silaha yake ni kiganja tu. "Mkono wa Iftimie huu. Nenda urudi."

Gavril akamwonyesha Casandra picha ya Bikira.

"Mshumaa uko nyuma pale, kwenye kitambaa."

Kwa nini hakusema hapohapo? Casandra angekwenda kuchukua wake, angetukana mpaka jua lichwe, na yangekwisha. Lakini bibi alikuwa anasikia. Naye alikuwa amemshika kiganja bado.

*

Basi la bure lilijaa kijiji kizima. Alikuwemo mpaka mwenye duka na mkewe, waliofunga duka kwa sababu waliahidiwa nyama ya kuchoma. Mwalimu Onisim, mstaafu aliyekuwa kocha, alihesabu wachezaji wake kwa kidole akapata upungufu.

"Yuko wapi Silvestru?"

"Ujerumani, Mwalimu. Machinjioni. Tangu Jumatano."

"Hakuaga?"

"Aliaga kwa simu akiwa Hungaria."

Nafasi ya Silvestru ikachukuliwa na tarishi wa posta, mtu mwenye wajukuu. Onisim akatazama nje dirishani, nyumba mpya za ghorofa zilizojengwa kwa fedha za ugenini zikipita na madirisha yake yaliyofungwa, hakuna hata moja inayotoa moshi.

"Mnakumbuka sheria ya kwanza niliyowafundisha?" akasema bila kumtazama mtu. "Mpira ukipigwa, unakimbia kwenda, na unakimbia kurudi. Anayebaki ng'ambo hajamaliza mbio zake. Mimi nimefundisha watoto wa kijiji hiki miaka mingi. Kwenda, wote wamejua."

Hakuna aliyecheka. Gavril alikuwa amepakata begi lenye mipira yake mitatu mipya. Alipoleta pua karibu, ngozi ilinukia farasi, na chini ya farasi, mbali, ilinukia asali. Naye alikuwa na nafasi Ujerumani akitaka; Silvestru alikwisha mwandikia kwamba wanatafuta watu wenye mikono migumu. Alikuwa amejiambia atajibu baada ya bibi. Mara alipojisikia akisema "baada ya bibi" aliona haya, akafunga zipu ya begi.

Uwanja walioahidiwa ulikuwa maegesho ya magari. Mama mmoja mwenye kitambulisho shingoni, mkurugenzi wa kitu fulani, aliwapanga kati ya jukwaa la ngoma na jiko la nyama.

"Mna dakika kumi. Mheshimiwa akimaliza kuhutubia, mnacheza. Tabasamu nyingi. Mipira iko wapi? Hebu." Akauminya mpira wa Gavril, akashtuka. "Huu ni jiwe! Mnaona magari haya ni ya nani? Haiwezekani."

"Mama, huu ndio mpira wa oina," Onisim akasema. "Hakuna mwingine."

"Upo." Akatoa mpira wa tenisi, wa manjano, wenye manyoya. "Watu wanataka kuona mila, mzee wangu, hawataki kupelekwa hospitali."

Mheshimiwa akahutubia. Akasema urithi ni mizizi. Akasema vijana ndio mizizi, kisha akasema vijana ndio matawi. Hakusema kwamba ukumbi wa michezo alioahidi Valea Stupilor kwenye kampeni tatu ulikuwa mpaka sasa ni kibao kilichochomekwa kwenye magugu, na kwamba kibao nacho kimeibwa. Kisha wanaume wazima wakiwa na mashati ya mashine wakaupiga mpira wa tenisi, nao ukaruka kama kipepeo mlevi, ukaangukia kwenye jiko la nyama, na watu wakapiga makofi. Tarishi wa posta alikimbia, akashika kiuno. Mtu mmoja akapaza sauti, "Babu, barua ya haraka hiyo!" Onisim akavua kofia akaivaa tena.

Gavril alipoachiliwa alikimbia kwenye vibanda. Mfuga nyuki wa tatu alikuwa na nta halisi, donge la njano iliyokolea, kubwa kama mkate mdogo. Gavril akalinusa, akalipa bila kuomba punguzo. Alikuwa analipokea wakati simu ilipolia mfukoni.

"Uko wapi?" Ilikuwa Casandra.

"Nanunua... Shangazi, nini?"

"Ulichofunga kwenye kitambaa ni nini, Gavril?"

Nyuma yake ngoma zilikuwa zinaanza upya.

"Njoo nyumbani," akasema Casandra. Wala hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha. "Sasa huna haja ya kukimbia."

*

Casandra hakumpiga. Alikuwa amekaa nje kwenye benchi, kitambaa kiko mapajani, na juu ya kitambaa kipande cha gongo.

"Nisikilize, maana nitasema mara moja. Alikunywa maji. Akaniuliza kama mmeshinda. Nikamwambia bado wanacheza. Kisha pumzi ikabadilika, nikajua, nimeshasikia pumzi ile. Akanyoosha mkono akasema, sasa. Nikavuta kitambaa, nikakata utepe kwa meno, nikakuta mti. Nimezeeka, Gavril, nikadhani macho yangu ndiyo mabaya. Nikaukwaruza na ukucha nikitafuta utambi! Nikapekua droo. Hakuna. Nikapiga kelele kwa majirani, wote wako kwenye nyama ya bure. Nikashuka korongoni na magoti haya, nikapanda kwangu, nikachukua wangu, nikarudi natambaa." Akanyoosha kiganja chake. "Mkono ulikuwa bado umenyooshwa hivi. Umefunguka."

Gavril akaketi chini kwenye vumbi na shati lake la maua.

"Mamaako alinipigia toka njiani. Jambo la kwanza, kabla ya kulia: alikuwa na mshumaa? Nikamwambia alikuwa nao." Casandra akasimama kwa kujishikiza ukutani. "Dhambi hiyo nimeibeba mimi, kwa jina la nyumba hii. Hujaoa wewe. Sitaki mtoto wa Aglaia aitwe mtu wa giza. Hiyo nyingine ibebe mwenyewe. Na huu mti uchome."

Wanawake waliorudi na basi wakamwosha Bibi Saveta, wakamvalisha sketi nyeusi aliyoiweka sandukuni kwa siku hiyo, wakamlaza chumba cha mbele, miguu ikielekea mlangoni. Uani wakabandika ngano ya koliva, chakula kitamu cha matanga. Ilibaki fimbo. Fimbo ni mshumaa mwembamba wa urefu wa marehemu mwenyewe: utambi hupimwa toka utosini hadi kisiginoni, ukachovywa nta, ukaviringwa kama konokono na kuwekwa kifuani, ili mtu awe na cha kujikongojea kwenye njia ile ndefu. Gavril akalitoa donge lake la nta. Wakamsifu: mjukuu mwenye akili, amekumbuka, vijana wa siku hizi hawakumbuki. Kila sifa ilimwingia kama mwiba wa samaki. Akawaomba kitu kimoja: utambi usipimwe mpaka mama afike, kwa kuwa mkono wa binti ndio unaostahili. Wakakubali, na hilo nalo wakalisifu.

*

Basi dogo la Vasile lilisimama mbele ya lango Jumatatu asubuhi. Aglaia akashuka akiwa na mifuko ya nailoni, uso umevimba kwa safari. Hakuwa amekanyaga ua ule kwa miaka minne: mara mzee wa Brescia kavunjika nyonga, mara makaratasi, mara nafasi ingechukuliwa. Vasile akakaa na mlango wazi.

"Pole sana, dada. Jumamosi nakupitia saa ngapi?"

"Nipishe nimwone mama kwanza, Vasile."

"Nauliza tu kwa sababu viti vinajaa."

Akaingia. Hakulia kwa maombolezo kama walivyotarajia wanawake. Alisogea, akashika mikono ya mama yake, akaichunguza vidole kama afanyavyo mtu wa kazi ile. Akatazama kiganja cha kulia.

"Hakuna hata tone la nta," akasema. Hakuwa anamlaumu mtu. Alikuwa anashangaa tu. "Huwa inadondoka. Wote niliowashika ilidondoka."

"Tulimwosha," Casandra akajibu upesi. "Tulimwosha vizuri."

Chumbani walikuwa hao watatu tu na marehemu. Uani ngano ilikuwa inatokota, na sauti za wanawake zilisikika zikibishana juu ya sukari. Casandra akamkazia Gavril macho: nyamaza. Lilikuwa jambo rahisi. Lilikwisha tengenezwa, limepigwa pasi na kukunjwa. Alitakiwa asiliguse tu.

Gavril akaenda kwenye begi lake akatoa mipira mitatu. Akachukua kisu cha kushonea, akakaa kwenye kigoda karibu na miguu ya bibi, akakata fundo la mpira wa kwanza.

"Unafanya nini?" Aglaia akauliza.

"We mtoto!" Casandra akasema akiwa amekaza meno. "Hayo ya michezo baadaye."

"Mshumaa uko humu, mama." Alikuwa akiufumua uzi taratibu usikatike, na singa za farasi zikimwangukia magotini. "Nilipitishia uzi nta ya mshumaa wake. Majira yote ya baridi. Ukaisha. Kwenye kitambaa niliweka mti, na yeye nikamshikisha mti, nikamwapia. Shangazi Casandra alikuta mti. Bibi amekwenda hana kitu mkononi. Shangazi hana kosa. Alitambaa korongoni."

Casandra akajifunika uso kwa ncha ya kilemba.

Gavril aliendelea kufumua, kichwa amekiinamisha, akisubiri kofi, na akilitaka. Halikuja. Alichosikia ni sauti ya koti likivuliwa, kisha mama yake akaketi sakafuni mbele yake, akanyoosha mkono.

"Lete mmoja. Kisu hicho kikate mbali na uzi, utauharibu."

Wakafumua pamoja. Uzi ulitoka ukiwa mkakamavu, wa njano, umeshika mikunjo ya mishono. Aglaia akauleta puani mwake mara moja, akafumba macho, akauondoa. Akaunga ncha kwa ncha, akausokota mara tatu kwenye paja, kwa kiganja, kama Bibi Saveta alivyomfundisha kusokota sufu mahali palepale.

"Hautatosha," akasema. "Mama alikuwa mrefu. Ananipita kichwa. Tukienda kanisani mimi nilikuwa namfuata nyuma nisipigwe na jua."

"Tutaongezea wa dukani," Casandra akasema puani.

"Wa dukani hapana."

Wakasimama. Gavril akashika ncha moja kwenye utosi wa bibi, juu ya kitambaa cheusi. Aglaia akauteremsha uzi usoni, kifuani, magotini, akiunyoosha kwa vidole viwili, akajiandaa kuona pale utakapoishia. Akafika kisiginoni. Mkononi mwake uzi ulikuwa bado unaning'inia, kipande kizima, kirefu kama mkono wa mtoto.

Akarudi, akapima tena. Akamwambia Gavril avute ncha. Akapima mara nyingine, na kipande kile kikabaki vilevile.

"Lini amekuwa mdogo hivi?" Aglaia akauliza.

Alimtazama Casandra, akamtazama mwanawe. Huyu alikuwa amemwinua bibi kila siku na hakuona, na yule alimwona kila Jumapili na hakuona. Hakuna aliyejua lini.

Hapo ndipo alipolia. Wanawake wa uani waliusikia mlio ule, wakaweka miko chini, wakasema, haya, sasa binti amefika.

Walichovya utambi kwenye nta, wakauviringa, wakauweka kifuani pa Bibi Saveta na kuuwasha. Chumba kikanukia asali, harufu ambayo watoto wadogo waliojazana mlangoni hawakuitambua, wakaulizana ni nini. Gavril alishika kiganja cha bibi kilichokuwa wazi, akakiweka chake ndani, kile kigumu, akakiacha hapo. Kesho kijiji kingejua, maana ua ulijaa masikio. Wangekohoa kidogo akienda kuposa, kama angekuwepo wa kuposa.

Aglaia alikata kipande cha uzi kilichozidi. Hakukitupa kwenye jiko la nta. Alikikunja mara mbili, akakitia kwenye mfuko wa koti, pale palipokuwa na karatasi ya kiti chake cha Jumamosi.